Dreva wa loli kutoka mji wa punda

Jamani nipo kwetu Amu, yaani Lamu, likizo ya wiki tatu, na kila baraza ninayokaa naulizwa swali lilelile, eti wewe mtoto wa mtaa wa Mkomani loli umejifundishia wapi? Swali la haki kabisa. Nimekulia mji ambao gari tulilolijua ni lile la DC, mengine yote punda na mashua, ukitaka kupanda basi mpaka uvuke bara, Mokowe. Leo naburuta tela Uingereza. Leseni nimeipata mwaka jana, na rivasi peke yake nilifeli mara mbili, sina haya kusema.

Watu wanadhani kigumu ni ukubwa wa gari. Ukubwa unauzoea, tena mtu aliyezoea kujibana ukutani punda wakipita na mawe kwenye vichochoro vyetu anajua mapema upana wa kitu ni upi. Kinachomtoa dreva mpya roho ni saa.

Ndani ya kabini kuna kimashine unakichomekea kadi yako asubuhi, kinaandika kila kitu, umeendesha dakika ngapi, umesimama ngapi. Jina lake refu takografu, ila wenyewe kule wamelikata, wanaita tako. Siku ya kwanza yule mzee Mpolandi aliyekuwa akinifunza njia kaniambia kwa uso mkavu, chunga sana tako lako kijana, nikabana kicheko mpaka machozi na hakuna hata mtu wa kumwelezea kwa nini nacheka.

Sheria yenyewe si ngumu. Ukishaendesha masaa manne na nusu lazima usimame dakika 45, unaweza kuzigawa, 15 kwanza halafu 30, kinyume chake haihesabiki. Mimi zile 15 naswali adhuhuri, msala upo nyuma ya kiti, zile 30 nakula. Kwa siku mwisho masaa 9 ya kuendesha, mara mbili kwa wiki waruhusiwa 10. Na loli limefungwa spidi, likifika kilomita 90 kwa saa hapo ndiyo mwisho wake kanyaga utakavyo. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukichelewa unafidia wapi? Huna pa kufidia. Lakini ofisini kuna bwana anayepanga safari na yeye ana saa yake nyingine ukutani, na simu anayo.

Wiki ya pili niko peke yangu, napeleka mzigo bohari moja nje ya Coventry, nimechelewa dakika 40, simu imeshalia mara tatu, upo wapi, upo wapi, wateja wanalalamika. Nafika, naonyeshwa mlango wa kupakulia, na lazima niuingie kwa nyuma nikikunja kushoto. Sisi kule tunakaa kulia kama Kenya, kwa hiyo tela likikunja kushoto kioo cha kushoto kinakuonyesha ubavu wa tela tu na cha kulia kinakuonyesha hewa. Tanboi wa kukupigia bodi njooo, njooo, kata, kata, hakuna. Kilichotakiwa ni nivute breki, nishuke, nizunguke nyuma nitazame, nipande tena. Dakika moja na nusu hivi. Sikushuka. Simu ikalia tena mara ya nne, na ile sauti yake tu ikanisukuma mguu, nikasikia krrrr, kama mtu anaparua sufuria kwa kijiko. Chuma cha njano, kimesimama pale miaka na miaka hakijamkosea mtu, nimekipiga kwa kona ya tela, taa imevunjika na mlango umekwaruzika. Kupiga picha, kujaza fomu, kusubiri fundi wa taa, masaa mawili na robo. Kwa kuokoa dakika moja na nusu!

Jioni Mpolandi hakunigombeza. Kaniuliza tu, ulipokuwa njiani ukijua umechelewa ulimpigia mtu? La, nilikuwa nangoja labda njia itafunguka. Akasema hapo ndipo ulipokosea, chuma kilikuja baadaye. Tangu siku ile nikiona tu nimepoteza dakika 20 napiga mimi kwanza, natoa saa mpya na dakika zangu za kupumzika nimeshazitia ndani, wakikasirika wakasirike mapema. Asubuhi pia mambo mengi nimeyahamishia usiku, chai kwenye chupa, kadi mfukoni, viatu mlangoni, ila kuzunguka gari kutazama tairi na taa kabla sijatoka, hapo sipunguzi hata sekunde.

Sasa ilipofika mwezi wa kumi na moja natumwa Felixstowe, bandarini, kuchukua kontena. Kule unabukiwa saa yako ya kuingia, ikikupita yabidi ubukiwe upya. Njia ni A14 na kabla ya kufika kuna daraja la Orwell, refu na limeinuka sana juu ya mto, upepo ukizidi wanalifunga na magari yote yanamwagwa ndani ya mji wa Ipswich, na hapo ndiyo basi tena. Siku hiyo wakalifunga. Asubuhi nilishapita kwa mteja mwingine, kwa hiyo kimashine kinasoma masaa manne na dakika kumi, foleni haisogei, mkono kwenye usukani unatetemeka. Nikapata kipande cha kusimama nikaingia. Simu. Umebakiza kidogo, malizia tu, dakika chache si kitu. Nikamwambia sawa bosi, niandikie meseji kwamba umeniamuru nipitishe muda. Kimya. Halafu, basi pumzika. Meseji mpaka leo sijaiona.

Kisa hiki nimempa ami yangu juzi, yeye ni nahodha wa boti ya abiria ya Pate. Masaa yangu hayakumshughulisha, lile daraja ndilo limemfurahisha, eti hata Wazungu kusi ikivuma wanafunga kazi? Nikamwambia si kusi ami, ni upepo wa kwao. Akasema upepo ni upepo.

Jana nikapanda boti naye. Lazima apite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda bila maji kujaa hupiti, unakwama matopeni na mikoko inakutazama. Abiria tumeshakaa, jua kali, mama mmoja ana harusi Faza anapiga kelele nahodha twende, watu watamaliza pilau! Ami anakunywa kahawa. Kamgeukia taratibu, "Mai yakipwa yamepwa mama, hata akipanda waziri." Yule mama akanuna. Mimi huku najikuta nimeshatazama saa mara sita, na niko likizo.

Narudi Alhamisi, Jumatatu saa kumi alfajiri niko kazini. Halwa nimenunua kilo moja na nusu, kilo ya Mpolandi, na nusu, msinicheke, ya yule bwana wa simu. Sijui ataila au ataniuliza imechelewa wapi.