Siku moja maishani mwangu: fremu 10 za mwanga

Saa 11:30 alfajiri. Hapa Moshi, anayetaka kumpiga picha Kibo lazima aamke kabla ya mawingu, kwa maana ikifika katikati ya asubuhi mara nyingi mlima umeshajifunika. Nilipanda juu ya ghorofa na kamera, nikapata dakika mbili za theluji ikigeuka rangi ya waridi. Klipu hiyo ilikuwa ya kufungulia video ya harusi ambayo nilitakiwa kuikabidhi jioni ileile.

Saa 2:00 asubuhi. Baada ya bakuli la mtori pale Mbuyuni, nilifungua ofisi, ambayo ni chumba kimoja chenye pazia zito na kompyuta mbili. Kijana ninayemfundisha kazi alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo kaka. Mama wa bibi harusi amepiga simu. Anasema bibi mzee wa nyumbani, alipotazama rasimu tuliyowatumia, alijifunika macho kwa kanga, kwamba video ina radi."

Nilipoitazama upya niliona bibi alikuwa na haki. Kijana alikuwa ameweka mmweko mweupe kila tukio lilipobadilika, na katika kipande cha kucheza muziki ilifika mimweko mitano ndani ya sekunde moja. Kanuni inayotumiwa na watangazaji wa Uingereza ni kutozidi mimweko mitatu kwa sekunde, kwa kuwa mwanga unaowaka na kuzima haraka unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa cha aina fulani. Mwezi Desemba 1997, huko Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni chenye mimweko myekundu na ya buluu. Tulifuta karibu yote, tukabakiza minne kwa video nzima.

Saa 3:00 asubuhi. Tulianza na mpito wa kutoka kanisani kwenda ukumbini, na hapa ndipo asubuhi yetu ilipoishia. Kijana alikuwa amechukua fremu nyeupe tupu (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video) akaifanya ikolee na kufifia juu ya maungio ya klipu mbili. Ubaya wa weupe wa namna hiyo ni kwamba huipandisha picha yote kwa pamoja, hivyo suti nyeusi ya bwana harusi hugeuka kijivu wakati uleule shela linapozidi kung'aa, na mtazamaji huona kama mtu amepitisha shuka mbele ya lenzi. Mwanga wa kweli huanza kula sehemu zilizokwisha kuwa angavu, yaani dirisha, shela, kipara cha mzee wa kanisa, kisha hufurika kutoka hapo, na weusi huwa wa mwisho kumezwa.

Nilimweleza mmweko huu ulikotoka. Mota ya kamera za filamu ilihitaji muda mfupi kufikia kasi yake na muda mfupi kusimama. Katika muda huo filamu ilipita polepole nyuma ya shata, yaani kile kifuniko kinachoruhusu na kuzuia mwanga, kila fremu ikapokea mwanga mwingi kuliko ilivyokusudiwa, na ndiyo maana mwanzoni na mwishoni mwa kila pigo kulikuwa na fremu chache zilizoungua. Wahariri walizikata na kuzitupa, mpaka baadhi yao walipoanza kuziacha kwa makusudi.

Basi tukaunda wa kwetu. Tunafanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni milisekunde 40. Klipu ya kanisani ilipanda mwanga kwa fremu 2 tu, ya 3 ikawa kilele, na chini ya kilele hicho tukakata. Klipu ya ukumbini ikashuka taratibu kwa fremu 7. Ni kama simu inayorekodi ikitoka ndani na kukutana na jua: picha huungua ghafla, halafu kamera hujirekebisha polepole. Juu ya klipu tuliweka nakala yake yenyewe, tukaitia ukungu na kuichanganya kwa mtindo wa Screen, ambao huongeza mwanga bila kutia giza, ili mng'ao ufuate umbo la shela badala ya kuenea kama rangi ya ukutani. Kingoni tulitia chungwa kidogo. Sauti ya vigelegele vya ukumbini tuliianzisha fremu 6 kabla ya picha, na sikuruhusu ule mlio wa upepo ambao kila mtu anaupachika siku hizi.

Saa 7:15 mchana umeme ulikatika. Tulikula ndizi na nyama.

Saa 9:00 alasiri. Kwenye kukata keki nilikuta kitu ambacho ningekitupa zamani. Mpiga picha za mnato alipiga fleshi, na kwa kuwa kihisi cha kamera yetu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, huku fleshi ikiwaka kwa muda mfupi mno, fremu moja ilipata mwanga nusu tu: mkono wa bibi harusi na kisu ni vyeupe kabisa, uso wake uko gizani. Niliifanya fremu hiyo kuwa kilele. Nilipandisha mwanga wa nusu ya juu hadi mpaka wa katikati ukapotea, nikakata, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ikaingia ukumbini ikiwa na majani mdomoni. Kati ya mipito yote minne, huu ndio sikuhitaji kuubuni, na ndio ninaoupenda.

Saa 1:30 usiku. Tuliipeleka nyumbani kwao, Rau. Bibi alikaa karibu na televisheni, kanga mabegani. Kwenye keki alisema, "Hapo mpiga picha amempiga," akaendelea kutazama. Mama alilipa salio lililobaki.

Saa 3:00 usiku. Nilimpigia mpiga picha za mnato kuhusu sendofu ya Jumamosi. Nilimwomba apige fleshi mara moja wakati bibi harusi anavuka mlango, na asimame kushoto kwangu.