Masaa 48, mashine ya kusaga na mwavuli

Ijumaa saa tatu kamili usiku simu ikaita mlio wa meseji, kufungua ni voisi ya yule dada anayesimamia shindano letu la kuandika hadithi fupi, anasoma vikaratasi alivyookota kwenye kikapu. "Kundi la pili. Aina, upelelezi. Mahali, mashine ya kusaga. Kitu, mwavuli." Basi. Akaongezea kwamba kazi zimfikie jumapili saa tatu usiku, na zisizidi maneno elfu moja, hata neno moja likizidi hasomi, akatutakia usiku mwema. Mimi nlikuwa jikoni nakoroga mtori, nikazima jiko nikakaa juu ya ndoo ya maji nikaisikiliza tena mara tatu.

Kwa ambao hamjui, utaratibu huu hatujauanzisha sisi. Kuna shindano Marekani linaitwa NYC Midnight, lipo tangu 2002, na kwenye lile la hadithi fupi sana wanawagawa watu kwenye makundi, kila kundi linapewa aina ya hadithi, mahali inapotokea na kitu ambacho lazima kionekane ndani, afu una masaa 48 na maneno yasiyozidi 1,000. Wanaanza saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, huku kwetu inakuwa tayari jumamosi asubuhi watu wanafagia uwanja. Mwenzetu mmoja wa Arusha alishaingia kule, unalipa ada kwa dola na unaandika kiingereza, akarudi kutuambia kwamba kilichomsaidia siyo zawadi, ni zile sheria, sasa kwa nini tusizichukue tukafanya wenyewe kwa kiswahili. Ndo tukaanza hivyo, watu kumi na mmoja kwenye grupu la WhatsApp, saba wa Moshi na wanne wa Arusha, mshindi anapewa kitabu na kilo moja ya kahawa.

Tuzo za kuandika kiswahili zipo na naziheshimu sana. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, ipo ya Safal ambayo mwanzo ilikuwa na jina la Mabati-Cornell. Lakini zile zinataka mswada uliokwisha kuiva, na mimi mswada wangu wa riwaya uko kwenye begi tangu 2019, kila nikiufungua narudi ukurasa wa kwanza, nabadilisha sentensi mbili, nafunga. Miaka imepita hivyo, mtoto wa dada yangu kazaliwa na sa hivi anasoma, mimi niko ukurasa wa kwanza. Masaa 48 hayakupi nafasi hiyo. Ukirudi ukurasa wa kwanza jumamosi mchana, jumapili usiku huna hadithi.

Usiku ule wa ijumaa niliandika mpelelezi wa polisi mwenye koti refu anaingia kwenye mashine ya kusaga anawasha tochi. Maneno mia tatu hivi. Nikayasoma kabla ya kulala nikaona huyu mtu hajawahi kubeba debe la mahindi kichwani, hajui hata asimame wapi akishaingia mle ndani, maana aliyemwandika naye ana miaka hajaingia, siku hizi unga nanunua dukani umeshafungwa. Nikafuta yote nikalala.

Jumamosi asubuhi nikapima kilo tano za mahindi nikazitia kwenye mfuko (huwezi kwenda kusimama mashineni mikono mitupu, utaonekana umetumwa) nikaenda kwenye mashine ya mtaani kwetu, huku Pasua. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, weka foleni." Nikaweka mfuko chini nyuma ya ndoo ya mtu nikaanza kutazama.

Jamani, nilikuwa nimesahau. Kwanza ile kelele, ukiingia inakushika kifuani, watu wanaongea kwa vidole, mama ananyoosha viwili na kukunja ngumi, kijana anaelewa ni sado mbili na zikobolewe kwanza. Juu kwenye kenchi utando wa buibui umeshika unga mpaka kila uzi umenenepa kama kamba, na unaning'inia unatikisika kwa mtetemo wa mashine. Yule mzee nyusi zake nyeupe, na siyo umri tu. Na haangalii mashine kabisa! Anaongea na watu huku mkono mmoja uko kwenye mdomo wa mfuko unaotokea unga, anachota kidogo, anausugua kwa dole gumba na cha shahada, ukiwa wa moto sana anabana kile kimlango cha mahindi kwa juu yaingie taratibu, ukiwa na chenga anatikisa kichwa. Nilisimama pale karibu saa nzima namtazama vidole tu.

Afu akaja bibi mmoja na kifuko cha ulezi, kimea kile cha kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi, akataka asagiwe mara moja awahi gari la Kibosho. Mzee akamwambia kwa upole, mama subiri jioni, ulezi tunasaga mwisho, sasa hivi nikiupitisha hapa nitawachafulia hawa sembe yao yote itoke na rangi. Bibi hakubishana, akaenda kukaa kwenye gogo nje.

Mimi mwili ukanisisimka. Kumbe kwenye mashine ile ile unga una siku yake na saa yake na rangi yake! Mtu akitoka mle ndani na unga kwenye nguo, ukiujua ni unga gani unajua ametoka muda gani. Hiyo ni kesi nzima, na hakuna polisi mwenye tochi anayeweza kuijua, anaijua bibi wa mbege peke yake. Nikachukua unga wangu nikarudi nyumbani karibu nakimbia.

Nikabaki na mwavuli. Hapa ndo nataka kusema kitu kwa wale wanaofikiria kujiunga raundi ijayo: kile kitu unachopewa, watu wengi tunakitupa kwenye hadithi ili tu kionekane. Mhusika anapita kashika mwavuli, tayari, sheria imetimia. Nilitaka mwavuli ufanye kazi, yaani ukiutoa hadithi ianguke. Kwa hiyo nikachukua mwavuli wangu mweusi, nikaununulia unga wa ulezi robo pale dukani, nikaupaka kwenye mapindo ukiwa umefungwa nusu, nikaufungua bombani kama mtu aliyetoka kwenye mvua, nikaufunga, nikauanika. Jioni nikaufungua. Sehemu kubwa unga ulikuwa umeoshwa, kitambaa kisafi kabisa, ila kwa ndani, kwenye mshono unaoshika vile vyuma, umebaki mstari wa kahawia umekauka mgumu kama ukoko wa uji, unautoa kwa kucha. Nikaunusa. Unanusika!

Basi hadithi ikakaa hivi. Hela za kikundi cha kina mama zinatunzwa kwenye kopo chini ya meza ya mashine. Alhamisi jioni mvua kubwa, umeme unakatika, giza, ukirudi kopo halina kitu. Kijana wa duka la jirani anasema yeye alhamisi alifunga duka mchana akaenda Himo, mashineni hakukanyaga wiki nzima. Jumamosi mvua tena, bibi mmoja anaomba mwavuli avuke barabara, yule kijana kwa adabu anampa wa kwake. Bibi anaufungua, anaona ule mstari wa kahawia, anaukwangua kwa ukucha, ananusa. Ni kimea chake mwenyewe. Wiki ile ulezi umesagwa mara moja tu, alhamisi jioni, na ulikuwa wa kwake.

Nimeketi kuandika jumamosi saa moja usiku, saa mbili na robo umeme ukakata mtaa mzima. Laptopu yangu betri ilishakufa zamani, bila waya haifiki dakika kumi. Nikahamia kwenye simu, asilimia 41, taa ya simu nimeizima ili isile chaji, naandika kwa vidole gumba gizani na mvua ya kweli inapiga bati. Naamini kabisa giza lile limo ndani ya hadithi. Nilivyoandika bibi anasikia kitu gizani, mimi mwenyewe nilikuwa nasikia jirani anatafuta kiberiti.

Jumapili baada ya ibada nikahesabu: maneno 1,412. Hapo ndo nikajifunza kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye maelezo ya wenzetu wanaoandika kiingereza. Maneno elfu moja ya kiswahili siyo elfu moja yao. Sisi neno moja linabeba sentensi, "nisingekuona" kwao ni maneno matano. Kwa hiyo tuna nafasi kubwa kuliko tunavyodhani, ila tunaipoteza kwa kuandika kwa urefu kama taarifa ya ofisini. Nilipita mstari kwa mstari. "Alikuwa amekwisha kumwambia" ikawa "alishamwambia", matatu yamekuwa moja. "Mwavuli ambao ulikuwa umelowa" ikawa "mwavuli uliolowa". "Wakati alipokuwa anafungua" ikawa "akifungua". Zile "ambaye" na "ambayo" peke yake zilinipa maneno zaidi ya sitini, na hadithi ikaanza kusikika kama mtu anayeongea, hasa pale bibi anapozungumza, maana hamna bibi wa Kibosho anayesema "ambaye" mara mbili kwa pumzi moja. Baada ya hapo ilibidi nikate vitu vinavyouma, aya nzima ya utando wa buibui ikaondoka, niliipenda sana, ndo maana nimeiweka huku.

Nikatuma saa mbili na dakika hamsini na moja usiku, maneno 998, bando limebaki kidogo sana, nimeshika simu juu dirishani mpaka zile tiki mbili zikatokea.

Wasomaji wetu watatu wamechukua siku tano, kila mmoja anatoa pointi na anaandika kilichomgusa na kisichokaa sawa. Nimekuwa wa tatu. Kilo ya kahawa imeenda Arusha, kwa kaka aliyepewa mapenzi, stendi ya mabasi na sufuria, kaandika mume anayempelekea mkewe sufuria stendi kila ijumaa afu anarudi nayo haijafunguliwa, hadithi haisemi popote kama mke atakuja, nimeisoma mara nne na kila mara natamani ningeiandika mimi. Kwangu walisema mwizi anakiri haraka mno. Ni kweli, nlikuwa nimebakiwa na maneno thelathini nikamkirisha.

Jana nikaenda steshenari nikaprinti kurasa mbili nikampelekea mzee wa mashine, kwa sababu hadithi ni ya vidole vyake, nikaona siyo haki asiione. Alizima mashine akafuta mikono kwenye suruali, haikusaidia, kurasa zikapata alama za unga kila alipozishika. Akasoma amesimama, taratibu, midomo ikitembea. Kwa bibi akacheka. Kwa mwavuli akasema "aisee". Afu akarudi nyuma akaweka kidole kwenye sentensi moja, ile ya umeme kukatika, nilikuwa nimeandika: "Umeme ukakatika, kimya kikaanguka ghafla, bibi akasikia kopo likigonga meza."

"Hapa sivyo," akasema. "Mashine hainyamazi hivyo. Umeme ukikatika zile nyundo ndani bado zinazunguka. Inalia inashuka, inashuka, mpaka isimame ni kitambo. Hapo bibi hasikii kitu bado."

Nikamwambia basi mwizi naye hajui, anadhani kelele inamficha. Akafikiri, akasema ndiyo, huyo ana haraka, hawezi kusubiri. Akaenda kwenye swichi akaiwasha, akaiacha ipande mpaka juu, akaizima, tukasimama wote wawili tunasikiliza. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka nikapotea hesabu. Kwenye daladala nikaiandika upya pembeni ya karatasi, kwenye unga wake:

"Umeme ukakatika. Mashine ikaanza kushuka, ikilia chini, chini zaidi, na kopo likagonga meza kabla haijamaliza."