Fulana ya Nishikata

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni fupi, Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao."

Nusu ya pili ya mstari huo hatuhitaji semina. Msiba ukitokea saa nane usiku, kunapokucha turubai limeshafungwa, akina mama wameshabandika sufuria la chai, na mtu ambaye hamjasalimiana mwaka mzima yuko pale anapanga viti. Kulia tunajua. Nusu ya kwanza ndiyo inayotushinda. Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu, tuliyeanza naye kazi siku moja, alipata cheo ambacho mimi nami nilikuwa nimekiombea, na kukifungia siku saba. Nilimpigia simu kumpongeza, nikasema maneno yote yanayostahili. Nisichowahi kusema ni kwamba nilikaa siku tatu kabla ya kumpigia. Na katika siku hizo tatu nilisikia tetesi kwamba barua yake ilikuwa na kasoro, nikajikuta ninatabasamu peke yangu kwenye daladala.

Ndiyo maana habari ya Masahiko Harada ilinikamata. Huyu ni Mjapani, bingwa wa mchezo wa kuruka kwa skii, ambao wengi wetu huku tunauona kwenye televisheni tu. Mtu anavaa skii mbili ndefu kuliko yeye mwenyewe, anakaa juu kabisa ya mnara, kisha anajiachia kwenye mteremko wa barafu mpaka mwendo unafika karibu kilomita tisini kwa saa. Njia inapokatika, anajirusha hewani na kulala mbele kama mtu anayelalia upepo. Wanahesabu mita alizoruka, na waamuzi wanatoa alama kwa jinsi alivyopaa na kutua.

Mwaka 1994, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Lillehammer, Norwe, Japani ilikuwa inaongoza shindano la timu. Waruka wanne kila nchi, kila mmoja mara mbili. Likabaki ruko moja tu, la Harada. Mruko wake wa kwanza ulikuwa mita 122. Safari hii mita 105 tu zingetosha. Akaruka 97.5. Dhahabu ikaenda Ujerumani, naye akachuchumaa chini kwenye theluji akiwa ameshika kichwa. Mmoja wa wenzake watatu waliopoteza dhahabu ile pamoja naye aliitwa Jinya Nishikata. Alikuwa ameruka vizuri siku ile. Shikeni jina hilo.

Miaka minne baadaye Olimpiki ikaja nyumbani kwao, Nagano. Harada alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mara mbili, 1993 na 1997, lakini kwa watu wengi alibaki kuwa yule wa Lillehammer. Akachaguliwa tena. Nishikata, aliyekuwa ameumia mgongo, akaachwa. Alichopewa ni kazi ya mruka wa majaribio. Hao ni watu wanaoruka kabla ya mashindano na katikati yake ili kupima njia. Hawana namba kwenye matokeo, na mwenye kiti jukwaani hana habari nao. Mwenzake mwingine wa Lillehammer, Noriaki Kasai, naye hakuingizwa kwenye timu ile ya wanne.

Tarehe 17 Februari 1998, siku ya shindano la timu, pale Hakuba, mkoani Nagano, theluji ikamwagika. Kwenye mteremko kuna mifereji miwili ambamo skii hupita. Theluji mpya ikijaa humo, skii zinashikwa, mwendo unakufa, na mtu anafika ukingoni bila kasi ya kumbeba. Harada aliteleza ndani ya hali hiyo hiyo na kuruka mita 79.5. Lillehammer imerudi! Japani ikashuka hadi nafasi ya nne, na shindano likasimamishwa. Kama lingefutwa hapo, matokeo ya awamu ya kwanza ndiyo yangebaki.

Ikaamuliwa kwamba waruka wa majaribio waoneshe kama mteremko ule bado unarukika. Walikuwa watu 25. Mmoja wao alikuwa msichana, wakati ambapo wanawake hawakuwa na mchezo huo kwenye Olimpiki kabisa (waliruhusiwa mwaka 2014). Mwingine alikuwa kiziwi. Wakaanza kushuka mmoja baada ya mwingine, wakifuatana haraka, ili skii za huyu zishindilie theluji kabla ya nyingine kujaa mbele ya mwenzake. Hakuna aliyeanguka. Wa mwisho alikuwa Nishikata, akaruka mita 123. Ruko la kishujaa, lisiloandikwa kwenye matokeo. Awamu ya pili ikaruhusiwa.

Sasa, wapendwa, tusimfanye malaika. Nishikata na Kasai wamesimulia wenyewe, miaka baadaye, kwamba siku ile mioyo yao haikuwa myeupe. Kuitamania timu dhahabu ambayo ingepaswa kuwa na jina lako ni kazi ngumu, na Kasai alikiri waziwazi kwamba alimtazama mwenzake akiruka huku moyoni anasema, anguka. Nilipolijua hilo niliikumbuka daladala yangu.

Lakini kuna jambo la nguo. Kabla ya shindano Harada alikuwa amewaomba wenzake hao wawili vitu vyao: kwa Kasai aliazima glovu, kwa Nishikata fulana ya ndani. Aliruka akiwa amezivaa. Mtu aliyeachwa nje ya timu, fulana yake ilikuwa imelala juu ya kifua cha yule aliyechaguliwa.

Hapo nikakimbilia 1 Samweli 18:4. Yonathani anavua joho lake, anampa Daudi, pamoja na mavazi, upanga, upinde na mshipi. Mstari huu tumezoea kuuhubiri kwenye urafiki, hata kwenye harusi, tukaupita haraka. Joho lile halikuwa la mtu wa kawaida, lilikuwa la mtoto wa mfalme, mrithi wa kiti. Aliyempa alikuwa akimvisha mtu ambaye siku moja angekaa mahali pake. Biblia haituambii kama mikono yake ilitetemeka. Mimi nadhani ilitetemeka. Yonathani hakungoja moyo utulie ndipo avue joho, alivua, akatoa. Na Paulo naye, angalieni, hasemi "jisikieni furaha." Anasema furahini, kwa namna ya kuagiza, kama mtu anayeagiza kazi. Kuna siku mguu unatakiwa utangulie kwenda shereheni, moyo uje nyuma taratibu.

Awamu ya pili Harada alitua mita 137, mbali sawasawa na mwenzake Takanobu Okabe, hakuna aliyewapita siku hiyo. Akabaki chini anamsubiri mruka wa mwisho, Kazuyoshi Funaki, akiliita jina lake kwa sauti iliyokatikakatika, machozi yakichanganyika na theluji. Funaki akatua. Dhahabu ikawa ya Japani. Walipomsogezea kipaza sauti, Harada alilia akisema kwamba si yeye, ni wote.

Kasai aliendelea kuruka. Alikuja kupata medali ya fedha ya Olimpiki katika shindano la mtu mmoja mmoja mwaka 2014, akiwa na miaka 41. Nishikata hakupata medali yoyote pale Hakuba.

Kwa maombi yetu ya Ijumaa, kila mmoja aje na jina moja la mtu aliyepata kile ulichokiomba wewe: mtoto, nyumba, cheo, mchumba, viza. Hatutasomeana majina hayo. Tutayashika mkononi tu wakati tunaomba. La kwangu ninalo, na Jumamosi nimealikwa kwake kula pilau. Anahamia nyumba mpya.