Baraza lilipotaka kugawa nyumba yetu

Waliponipa karatasi nisaini, mgawo ulikuwa umeshapangwa: nyumba ibaki kwa mume, mimi nichukue cherehani, makochi na vyombo vya jikoni. Lilikuwa baraza la usuluhishi la ndoa la kata yetu, wazee wenye heshima zao, na mwenyekiti alikuwa akiniita "mwanangu" kila sentensi. Kumkatalia mtu wa hivyo ni kazi.

Bahati nzuri nilikuwa nimeshapita kwa msaidizi wa kisheria wa pale mtaani. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, baraza linapatanisha. Likishindwa, linatoa hati ya kushindwa, ile wenyewe wanaita Fomu Namba 3, na likitaka linaambatisha mapendekezo. Talaka na mgawanyo wa mali ni vya mahakama.

"Mzee wangu, nashukuru kwa kutusikiliza," nikasema. "Naomba mniandikie tu kwamba hatukupatana. Ya nyumba nitayasemea mahakamani."

"Mwanangu, sisi tumeshaamua."

"Nimesikia, Mzee. Ila nikisaini hapa, kesho nitaambiwa nilikubali mwenyewe."

Kimya. Katibu, mama ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akavuta droo, akatoa fomu, akajaza na kugonga muhuri. Mapendekezo yao wakayaambatisha. Sikubishana nayo, maana hayamfungi hakimu.

Hati hiyo isizidi miezi sita siku unapofungua shauri, kwa hiyo sikuiweka kabatini. Mahakama ya Mwanzo nilikwenda na risiti za saruji na mabati, daftari la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, linaloonyesha mkopo niliopaulia, na jirani aliyeniona nikiwachotea maji mafundi. Hata asiye na risiti ana pa kusimamia: tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Wengi wanaotishwa na mabaraza hawajawahi kuambiwa hilo.

Hakimu aliyasoma mapendekezo, akamuuliza mume maswali mawili matatu juu yake, kisha akarudi kwenye ushahidi. Nyumba ikathaminiwa, nikapata fungu langu. Mume akachagua kunilipa kwa awamu ili abaki nayo. Awamu ya mwisho anaizungusha, nami nimeshapeleka maombi ya kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa.