Nilivyozuia udongo wa shamba langu usihame

Shamba langu liko upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu kidogo ya Ngaramtoni mkoani Arusha, kwenye mteremko mkali. Mwaka wa kwanza niliona nguzo za uzio nilizozisimika wima zimeinama zote kuelekea bondeni. Nikalaumu ng'ombe. Bibi jirani akanishika mkono, akanionyesha mti wa mpakani ambao shina lake limepinda chini kama ndoana.

"Mjukuu wangu, udongo wa hapa unatembea."

Unatembea kweli. Ukilowa huvimba na kuinuka. Ukikauka hushuka, lakini haurudi pale pale, uzito wake umeshauvuta chini kidogo. Mvua ikizidi, chembe huachiana na kipande kizima kikaporomoka. Uzito huohuo ndio uliobomoa upande wa mashariki wa Meru maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa ya Momella yakajaa kwenye mabonde ya kifusi chake.

Nikajenga ukuta wa mawe na saruji. Masika yaliyofuata ukatoa tumbo, ukapasuka. Maji yalikosa pa kutokea.

Kiangazi kikaja na upepo. Siku moja nililala kifudifudi shambani nitazame: mchanga unarukaruka chini chini, haufiki hata magotini, na kila chembe inapotua inarusha nyingine. Vumbi laini ndilo linalopaa, na rutuba inaondoka nalo. Iliniuma sana.

Nikaanza upya. Nilifunga fimbo tatu kwa umbo la A, nikaning'iniza jiwe kwa uzi katikati, nikapima kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa mmoja. Nikachimba fanya juu: mfereji chini, udongo unatupwa upande wa juu kuwa tuta. Juu ya tuta nikapanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, mizizi yake inashika hasa. Mawe ya ukuta niliyapanga upya bila saruji, maji yapenye.

Upande unakotoka upepo nilipanda migrevilea safu 2, bila kuibana. Miti iliyobanana kama ukuta huurusha upepo juu, ukaanguka nyuma yake na kuzungukazunguka. Inayopitisha kidogo huupunguza kasi hadi umbali wa mara 10 ya urefu wake, au zaidi.

Masika ya tatu nilichomeka kijiti nyuma ya tuta la kwanza: sentimita 40 za udongo mweusi uliotulia. Bibi aliposikia, alituma mtoto aje kuomba vipande vya mabingobingo. Nikamkatia mzigo mzima.