Jinsi nilivyopata timu ya mtandaoni kuanza kupeana ujuzi

Sisi hutoa huduma kwa wateja kwa simu, kila mtu akiwa kwake, Nairobi na viunga vyake: Rongai, Donholm, Kahawa West. Shida ilikuwa hii: mtu akiuliza swali kwenye kikundi cha WhatsApp, tiki zinageuka buluu, kisha kimya. Baadaye unasikia kuna aliyekuwa na jibu, amelikalia tu.

Tulijaribu faili ya pamoja, ikabaki tupu. Mkutano wa video wa Ijumaa? Kamera zimezimwa, "bando zimeisha."

Kilichofaulu ni kuwapanga wawili wawili wapigiane simu ya kawaida kabla ya zamu, jozi zikibadilika kila wiki. Kwanza soga: stima ilirudi? mtoto amepona? Kisha swali moja: "Jana ni nini kilikusumbua?" Ukiuliza "unajua nini?" watu hufunga midomo. Aliyeamka vibaya anaruhusiwa kusikiliza tu.

Ila siri yenyewe ni hii: aliyesaidiwa ndiye anayeandika jibu kikundini, akimtaja aliyemsaidia. Wengi hawakuwa wachoyo. Waliogopa kuonekana wanajigamba. (Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1999 kwamba timu hujifunza zaidi pale watu wasipoogopa kuaibika mbele ya wenzao. Kwetu naona ni kweli kabisa.)

Juzi dada mmoja ambaye hakuwa akiandika chochote ametuma ujumbe mrefu wa sauti, hatua kwa hatua, kuhusu mteja aliyekosea namba ya akaunti kwenye Paybill, yaani malipo ya M-Pesa kwa kampuni. Nimeubandika juu kabisa ya kikundi.