Kutoka jeshini kwenda kurusha ndege za abiria, nilivyojua wakati wangu umefika

Vijana wa hapa Unguja na ndugu zetu wa Pemba waliopo jeshini wananiuliza sana, kaka niondoke sasa hivi au ningoje? Basi nieleze nilivyofanya mie, mana jambo hili lataka hesabu.

Nilikua rubani wa ndege za usafirishaji. Hilo peke yake nafuu kubwa, mana anaerusha jeti za kivita akipaa mara moja asharudi, saa zake kwenye logibuku, lile daftari la saa za kuruka, zinakwenda taratibu na huko kwa mashirika saa ndo zinaangaliwa mwanzo. CPL, leseni ya rubani wa biashara, inataka saa 200 lakini ile leseni ya juu ATPL ni saa 1,500 na ndani yake ziwemo 100 za usiku na 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila kuangalia nje, hivyo ni viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga.

Kabla sijamwambia mtu nilihesabu kwa kurudi nyuma. Kwenye ndege ya abiria ya marubani wawili ukomo ni miaka 65, na ukiwa rubani peke yako ni 60. Kwahiyo anaetoka na miaka 35 ana 30 mbele yake, anaetoka na 48 anabakiwa na 17, na hapo ndipo penyewe khasa, mana ukiingia kwenye shirika hata ulikua meja unaanza kiti cha kulia kama fasti ofisa, yaani rubani msaidizi, na mashirika mengi foleni ya ukepteni inafuata siku uliyoajiriwa. Cheo chako kinabaki kambini. Kila mwaka unaokaa jeshini kuna kijana anakutangulia kwenye foleni ile.

Lakini kukimbia mapema nako sikutaka. Jeshi ndilo lililonisomesha kuruka, nikatia saini kutumikia, nikatumikia mpaka mwisho wa mkataba. Mie naona hilo ni deni la heshima, na pia ukiondoka vizuri watu wanakusemea vizuri.

Mwaka 2020 barua ya kuacha jeshi nilikua nshaiandika, ikaingia korona, ndege zikalazwa dunia nzima. Mashirika yakipunguza watu mara nyingi alieingia mwisho ndo hutoka mwanzo, nikairudisha barua kwenye droo na nikatumia muda ule kusoma. Leseni ya kiraia haiji kwa kua wewe ulikua rubani wa jeshi, mitihani ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, unaikaa, sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji safari na mengine, halafu upimwe afya daraja la kwanza na Kiingereza ufike angalau kiwango cha 4. Yote nilifanya wakati wa likizo nikiwa bado na mshahara, kamanda wangu anajua na ameridhia.

Logibuku nayo igongeshe muhuri kabla hujatoka kikosini, ukishakua raia utazunguka mpaka uchoke. Tena majeshi mengi yanaandika tangu magurudumu yanaacha ardhi mpaka yanagusa, wakati kiraia saa inaanza ndege inaposogea kwa ajili ya kupaa mpaka isimame kabisa mwisho wa safari. Tofauti hiyo usiijaze kwa makisio yako, waachie TCAA waamue wenyewe.

Nyumbani bi mkubwa, mamaangu, alikua na khofu, kazi ya serikali mtu anaiachaje? Mke wangu ndie alienishika mkono, tukaweka pesa za kutuvusha mwanzo mana mshahara wa fasti ofisa mpya si mkubwa, na mafunzo ya aina moja ya ndege, ile taipu retingi, ni ghali, na shirika likikulipia unafungwa mkataba mwengine. Ajira ziliporudi, saa 1,500 nshazipita na karatasi zote ninazo mkononi, nikapeleka barua.

Alieko kwenye jeti na ana miaka 28 mie ningemwambia aombe kuhamia usafirishaji kwanza, ajaze saa huku anafanya mitihani. Aliepita 45 na pensheni iko karibu, abaki amalize, akitoka ajaribu hizi Caravan, ndege ndogo za rubani mmoja, za kwenda Chake Chake, mpaka 60 bado anaruka na usiku analala kwake.